Radivoj Subić, Kinyozi Aliyeulaumu Upepo

Marehemu Radivoj Subić alizaliwa tarehe 2 Februari 1957 katika kijiji cha Gudurica, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Pera na marehemu Zorka. Mimi ninayesoma wasifu huu ni Persida, dada yake. Baba yetu alianguka katikati ya mizabibu akiwa na miaka hamsini na tisa. Siku ile watu walisema ni jua.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, akajifunza unyozi Zrenjanin na kuhitimu mwaka 1975. Baada ya jeshi alifungua duka lake hapa Vršac, mwaka 1979. Tarehe 5 Septemba 1981 alimuoa Ljubica, fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye alimpata kwa kumnyoa baba mkwe bure mwaka mzima.

Sote tunaijua Košava. Wazee wanasema upepo huo ukianza huvuma siku tatu, au saba, au ishirini na moja. Kichwa cha marehemu kilimgonga kabla haujafika, na majirani hawakuanika nguo bila kuchungulia dukani.

"Radivoj, kichwa kinasemaje leo?"

"Anueni! Kisogo kinapiga ngoma."

Mara nyingine upepo haukuja. Alisema uko njiani, nasi tukacheka. Hata mimi, niliyekuwa muuguzi kwa miaka thelathini, nilicheka. Mungu anisamehe.

Mwaka 2011 nilimkalisha kwa nguvu kwenye kiti chake mwenyewe, nikampima presha: 178 kwa 104. Nilirudia siku tatu, haikushuka. Daktari alimwandikia vidonge vya kila siku, akamwonya kuhusu chumvi na nyama za kukausha. Marehemu alivimeza siku za Košava tu. Upepo ukitulia, kopo lilirudi kabatini.

"Wewe Radivoj," nilimwambia, "presha haipigi hodi. Usipoumwa si kwamba haipo."

"Dada, umeuguza watu mpaka unaona ugonjwa kwenye supu. Huu ni upepo."

"Na upepo ukikoma?"

"Nami nimepona! Unataka nini tena?"

Sikio la kufa halisikii dawa.

Mwezi huu Košava ilivuma siku saba, ikakoma Jumamosi tarehe 8. Ljubica alimsihi aendelee kumeza. Alimjibu, "Mama Strahinja, tazama dirishani, hata pazia halitikisiki." Jumanne tarehe 11, saa nne asubuhi, jua likiwaka, alikuwa akimnyoa mwalimu mstaafu Ćurčić. Alisema mkono umekufa ganzi. Mdomo ukapinda, wembe ukamponyoka, akaanguka. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Aliaga dunia hospitalini Alhamisi tarehe 13 Machi 2025, bila kutamka neno. Nina uchungu na nina hasira, na vyote viwili nimekuja navyo hapa.

Marehemu ameacha mjane, Ljubica, dada mmoja, mkwe, Milena, wajukuu wawili, Vida na Ognjen, na mwana mmoja, Strahinja, mwenye miaka arobaini.

Jana alasiri nilimpima Strahinja. 182 kwa 110. Alivuta mkono wake, akasema, "Shangazi, nimefiwa na baba. Nani presha isingempanda?"

Huenda. Lakini nilimpima pia siku ya Krismasi, akiwa anacheka na wanawe mezani, nikakuta 176 kwa 106. Alinishika bega jikoni akaniomba, "Usimwambie mama, wala Milena. Nitakwenda kwa daktari mwenyewe." Hajakwenda. Nami nilinyamaza, kama tulivyonyamaza kwa baba yetu, na kama tulivyomcheka Radivoj.

Wifi yangu Ljubica, Milena mwanangu, sasa nawaambia, mbele ya jeneza na mbele ya watu wote hawa. Strahinja, nikasirikie ukitaka, ila unikasirikie ukiwa hai.

Mungu aisamehe roho ya mdogo wangu. Apumzike kwa amani, na apumzike peke yake.