Fyuzi ya Thelathini

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi umeme wa magari ambaye mtaa mzima ulimwita Pima Kwanza. Ametutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na miwili.

Ukimpelekea gari ambalo kioo hakipandi, ukamwambia, "Fundi, badilisha fyuzi tu, nina haraka," umekwisha! Atakutazama juu ya miwani. "Fyuzi haikatiki bure. Tupime kwanza." Hapo utakaa kwenye benchi lake mpaka makalio yafe ganzi. Nimekaa benchi lile, jamani, nalijua.

Kwa asiyejua, fyuzi ni kile kidude kidogo kinachokatika umeme ukizidi, ili waya usiungue.

Lakini subira hiyo hakuzaliwa nayo. Akiwa mwaka wa pili kazini, dada yake mkubwa alimletea gari. Kiti cha dereva, kinachosogezwa kwa umeme, na vioo vilitumia fyuzi moja, ya ampea kumi na tano. Kila kiti kikisogezwa, fyuzi inakatika na vioo vinakufa. Ndugu yetu akachoka. Akachomeka ya thelathini. Kiti kikaenda, vioo vikapanda, naye akajipigapiga kifua.

Siku ya tatu, moshi. Chini ya kiti kulikuwa na waya uliobanwa na reli ya kutelezea kiti. Fyuzi kubwa haikukatika, waya ukawaka. Vioo havishuki, mlango wa dereva umekwama. Dada alijiburuta akatokea mlango wa abiria, mkono umeungua. Na fundi alimwambiaje? "Dada, waya zilikuwa za zamani." Uongo mtupu!

Dada akaamini, ila woga ukamganda. Hakushika usukani miaka kumi na moja. Kila Jumapili fundi alikula kwake, akiuona mkono ule ukimpakulia.

Mkewe anasema: "Asubuhi moja aliniambia, leo naenda kusema, akinifukuza anifukuze."

Alifika, hakuketi hata kidogo. "Dada, waya haukuwa na kosa. Fyuzi niliweka mimi, kubwa kupita kiasi. Nikakudanganya."

Dada mwenyewe anasimulia: "Nilimtukana mpaka matusi yakaniishia. Miezi minne sikumfungulia mlango. Halafu nikamwita, njoo ule, mwongo wewe. Kuendesha nitarudi, kwa kuwa sasa najua tatizo halikuwa magari. Ila gari ulilogusa wewe, sipandi."

Na kweli hakupanda. Fundi alimbembeleza miaka yote, akafa bila kukubaliwa.

Siku ya mazishi dada alisimama mbele ya gari la marehemu, ambalo marehemu mwenyewe alilitengeneza waya kwa waya. "Wifi, nipe funguo." Watu wakatazamana. Kiti kilikuwa nyuma kabisa, maana marehemu alikuwa na miguu mirefu. Mtoto wa marehemu akamwambia, "Shangazi, bonyeza kitufe hapo, kitasogea."

"Kiacheni alipokiacha."

Akaweka mto mgongoni, akaendesha mpaka makaburini, vioo vyote vimepandishwa hadi juu.

Kwa mjane, watoto, na dada yetu huyu: poleni sana, tunalia pamoja nanyi. Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu unayekula naye huku umemficha jambo, zima redio sasa hivi, uende ukamwambie. Mimi sitakasirika.