Vifurushi vya Mzee Ojakol

Tarehe 29 Desemba 1978, Mzee Methuselah Ojakol wa Moding atafunga ghala la kiwanda chetu cha kuchambua pamba kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na tisa na siku mbili. Hizo siku mbili ameniambia nisizisahau, kwa hiyo zipo.

Alianza mwaka 1949 akibeba magunia, akapanda hadi mizani, kisha akawa msimamizi wa ghala. Wakulima wote kutoka Nambale hadi Malaba wanamjua. Ukificha pamba fifi, ile chafu ya daraja la pili, chini ya pamba safi, anazamisha mkono guniani mpaka kwapani, anaitoa, anakuuliza habari za watoto, halafu anaandika fifi. Hajawahi kugombana na mtu, na hajawahi kufuta aliloandika.

Tena ana desturi yake. Kila mzigo ukifika hutoa konzi moja ya pamba, akaifunga kitambaani, akaandika namba na kuitundika darini mwa ghala. Ndivyo mamake alivyotunza mbegu juu ya meko, na yeye haoni kwa nini kiwanda kiwe na akili kidogo kuliko mamake. Meneja wetu, Bwana Nicholas Okwara, aliita dari hiyo kanisa la popo.

Mwaka 1973 tuliingia katika mpango na chuo kikuu cha hapa nchini na kingine cha Uholanzi, wa kusomesha vijana shahada ya uzamifu, ile ya kumaliza vitabu vyote. Vyuo vinatoa walimu, Waholanzi wanatoa karo, sisi tunatoa mashamba, mashine na posho ya mwanafunzi. Sharti ni moja tu: kila mwaka ripoti ya majaribio ifike Nairobi kwa tarehe, la sivyo ufadhili unakatika. Mwalimu wa kwanza Mholanzi alitaka kuanza na hadubini. Mzee alimketisha wiki nzima na akina mama wachambuaji, akitenga safi na fifi. Aliondoka anajua kuwatukana nzi kwa Kiteso.

Kisha akaja mwanafunzi Petronilla Nanjala, binti wa Nambale. Januari 1977 magunia yake ishirini na manne, moja kwa kila shamba la majaribio, yalikaa ghalani yamefungwa uzi mwekundu, yakingoja kupimwa. Miaka yote uzi mwekundu kwetu ulikuwa wa fifi. Ulibadilishwa ukawa wa majaribio nikiwa likizo ya uzazi. Nikarudi kazini na mtoto wa miezi miwili aliyeamua kwamba usingizi ni wa watu wengine, nikaona uzi mwekundu, nikapeleka yote kwenye mashine. Kufikia saa nne asubuhi jasho la Petronilla la miaka miwili lilikuwa ndani ya robota moja na fifi ya kila mtu.

Petronilla aliketi juu ya mizani. Bila pamba hakuna vipimo, bila vipimo hakuna ripoti, na masomo yake yangeishia pale pale. Bwana Okwara alishaanza kuniandikia barua ya kunifuta kazi. Mzee alimwomba aweke kalamu chini.

"Huyu mama hakuambiwa, boss. Uzi tuliubadilisha sisi," alisema. "Na pamba haijapotea. Nileteeni ngazi."

Vikashuka vifurushi ishirini na vinne, kila kimoja na namba yake, pamoja na vumbi la kutosha kupanda viazi. Kumbe konzi moja inatosha kupima urefu wa nyuzi. Ripoti ilibebwa na dereva wa lori aliyekuwa akitoka Malaba, ikafika Nairobi ikibaki siku moja.

Mwezi uliopita Petronilla alihitimu kuwa Daktari Nanjala, wa kwanza katika mpango huu, na kitabu chake kina ukurasa mzima juu ya vifurushi vya Mzee. Bwana Okwara hasemi tena kanisa la popo. Anasema maabara.

Machi mkataba wa mpango unaandikwa upya, na tunasikia wakubwa fulani wanauliza kiwanda kinapata nini kwa kusomesha watu. Wapande ngazi wakaone. Ngazi sasa iko mikononi mwangu, na vifurushi vya msimu huu vimeshatundikwa.

Asante, Mzee wetu. Nenda Moding ulime pamba yako kwa afya na amani, na wajukuu wakujae nyumbani. Ila ukituletea fifi, tutakuuliza habari za watoto, halafu tutaandika fifi.

Roselida, wa mizani