Mwalimu wa Chini ya Kitanda

Jirani yetu wa ukuta wa pili, muuza mkaa, ndiye aliyeanza kusema kwamba kwetu kuna maiti chini ya kitanda, na kwamba mdogo wangu huiamkia kila asubuhi kabla ya chai. Maneno yakatembea mtaa mzima, mpaka watu wakaacha kumletea mama nguo za kushona. Mimi dada yake, niliyepewa kazi ya kusoma wasifu huu, naanzia hapo kwa sababu marehemu hakupenda uongo. Jirani hakukosea sana.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Agosti 2002, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba seremala na mama fundi cherehani. Alipoanza kutembea tu aliikamata futi kamba ya baba, akampima paka, akampima na bibi akiwa amelala. Baba akambandika jina la Kipimo, na ndilo mnalomjua.

Alianza darasa la kwanza Januari 2009. Mimi niliishia la saba. Yeye aliendelea, na kila jioni alinieleza aliyofundishwa huku nikimenya viazi, kana kwamba tuliandikishwa wote wawili. Oktoba 2022 aliingia chuo cha udaktari.

Huko somo lililomshika ni anatomia, yaani kuujua mwili wa mtu ulivyoungwa, mfupa kwa mfupa, mshipa kwa mshipa. Siku ya kwanza mwalimu wao aliwasimamisha mbele ya maiti iliyofunikwa shuka, akawaambia huyu ndiye mwalimu wenu mkubwa, aliutoa mwili wake akiwa hai, basi mheshimuni. Wenzake waliinamisha vichwa. Kipimo alisema shikamoo kwa sauti. Darasa likacheka, naye hakuacha. Baadaye walianza kuazimwa mifupa ya mkono wa mtu aliyejitoa vivyo hivyo, kwa zamu, kwa kutia sahihi. Baba akaitengenezea kisanduku cha mbao, mama akashona vifuko vya kuitenganisha, kikakaa chini ya kitanda. Kila asubuhi alipokivuta alisema, "Shikamoo, mwalimu." Hiyo ndiyo maiti iliyosikika ukutani.

Kuolewa hakujaliwa. Shangazi alipomuuliza ataleta mtu lini, alijibu kwamba mtu anaye tayari, yuko chini ya kitanda, mpole, na hali chakula cha mtu.

Kifundo cha mkono kina vifupa vinane. Majina yake ya kitabuni yalinishinda ulimi, akanipa yangu: mtumbwi, mwezi, pembetatu, njegere, meza, kimeza, kichwa na ndoano. Njegere ndicho kidogo kuliko vyote. Alimshika mwanangu mkono akaniambia kwamba cha mtoto bado ni laini, huja kuwa mfupa akikaribia miaka kumi.

Sasa nasema jambo ambalo wanafunzi wenzake mlio hapa hamlijui. Jumamosi tarehe 10 Februari 2024, marehemu akiwa bafuni, nilimlishia mwanangu kitandani, juu ya shuka alilotandazia vifupa vile. Nilivisogeza pembeni. Baadaye nikalikung'uta shuka mlangoni, nalo likaondoka na njegere. Aliporudi alihesabu, akahesabu tena. Tulichekecha taka za ua mzima kwa chekecheo la unga siku mbili, muuza mkaa akitutazama na kuongeza chumvi. Hakunitamkia neno baya. Jumatatu alikwenda chuoni akasema, "Nimeipoteza mimi." Akapewa barua ya onyo, akanyimwa kuazima mifupa, na wapo waliomwita mzembe. Hakuwa mzembe. Aliyekung'uta shuka ni mimi. Nilinyamaza mwaka mzima kwa woga, na leo nayasema yeye hawezi tena kunisikia.

Tangu hapo alisomea mifupa yangu. Alinikalisha kwenye stuli akanibonyeza bega, mbavu na goti, akitaja majina, mpaka mume wangu akauliza kama nimeshanunuliwa na chuo. Mtihani wa mifupa alifaulu.

Juni 2024 alianza kuhema akipanda ngazi, na fizi zikatoka damu. Vipimo vilionyesha saratani ya damu. Yeye ndiye aliyetueleza nyumbani, ameweka kidole katikati ya kifua chake, kwamba damu hutengenezwa ndani ya mifupa na yake imeharibikia hukohuko. Baba, ambaye hajawahi kushindwa kurekebisha kitu, aliomba aonyeshwe ni mfupa gani. Akamwambia, "Yote, baba."

Alitibiwa kwa miezi minane. Alifariki Jumatatu tarehe 17 Februari 2025, saa nne asubuhi, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, mama akimpangusa uso. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na miezi sita.

Ameacha baba, aliyelichonga jeneza hili bila futi kamba kwa sababu kimo cha mwanawe alikijua. Ameacha mama, dada, shemeji, shangazi, na mtoto mmoja anayeuliza mama mdogo atarudi lini. Ameacha pia mwalimu mmoja ambaye jina lake hakulijua kamwe. Mungu ampe Kipimo wetu usingizi usio na maumivu.

Juzi Jumanne, wanaume walipotoa kabati la mlangoni ili wafiwa tupate pa kukaa, njegere ilionekana kwenye ufa wa sakafu, palipokuwa mguu wa kabati. Ninayo hapa, ndani ya kifuko alichoshona mama. Wengi mmenishauri niihifadhi. Siwezi, kwa sababu Jumamosi mchana, siku mbili kabla hajatuacha, alinivuta mkono akasema hivi:

"Dada, ile njegere ikionekana, usiifanye ukumbusho wangu. Ipeleke chuoni mwenyewe, usimtume mtu. Wakikuuliza getini umesomea wapi, sema kwangu. Yule mwalimu siku moja watamzika, na asizikwe mkono haujatimia. Ukimfikia, usianze na habari zangu. Mwamkie kwanza."