Pistoni ya Kombaini Iliyopoza Kompyuta Yetu

Tarehe 28 Juni 2013 Mzee Isidori Sulle, fundi wa karakana ya hospitali yetu hapa Mbulu, anastaafu baada ya miaka kumi na minne ya kazi. Kabla ya hapo alikereza vyuma miaka ishirini na miwili katika shamba la ngano kule Hanang, mpaka mageuzi ya mashirika ya umma yalipofika na yeye akapunguzwa kazini. Vifaa vya shamba vilipouzwa, hospitali ilinunua mashine ya kukereza, naye akaja kwa wiki moja tu kutuonyesha inavyofungwa. Hiyo wiki ndiyo inaisha leo.

Si mtu wa maneno mengi. Ukimpa shikamoo huku mikono yako iko mfukoni, ataitikia marahaba, kisha atakupa spana uishike. Magurudumu ya vitanda, koki za maji, bawaba za milango, vyote vimepita mikononi mwake.

Lakini mimi, Philomena wa ofisi ya kumbukumbu, nimeombwa kuandika ya kusoma katika ukumbi huu wa kumuaga, na nitaandika habari za Agosti 2004. Bila siku zile mbili nisingekuwa na kazi leo.

Mwaka ule tulipata kompyuta yetu ya kwanza. Niliingiza majina ya wagonjwa wote wa kifua kikuu, mia mbili na kumi na wanne, pamoja na tarehe zao za dawa. Kisha, kwa kujifanya wa kisasa, nikawapa watu wa jikoni rejista za zamani wawashie moto. Wiki mbili baadaye feni ya kompyuta ikafa. Fundi aliyekuja kutoka mjini akaing'oa pamoja na kile kipande cha alumini kinachopoza prosesa, eti sampuli ya kutafutia kingine. Hadi leo hajarudi. Kwa simu alitutajia bei ya mtamba mwenye mimba. Tukaandika barua ya kuomba msaada mkoani. Manyara ulikuwa bado mkoa mchanga, na barua yetu kwa mazoea ikaenda Arusha.

Ijumaa ya wiki hiyo ilikuwa siku ya mnada Basotu. Wafugaji huhamahama na ng'ombe wao, lakini mnadani hufika, na gari letu la dawa lilikuwa liende kuwatafuta huko. Wagonjwa thelathini na saba miongoni mwao walikuwa wameishiwa dawa. Majina yao yalikuwa ndani ya kompyuta isiyomaliza dakika moja bila kuzimika. Daktari Modest aliniambia wazi: orodha isipotoka, gari litakwenda bila orodha, nami nitakwenda nyumbani.

Jumatano nikamwendea Mzee Isidori nikilia. Hakuuliza kosa ni la nani. Akachukua pistoni chakavu ya kombaini aliyotoka nayo shambani, alumini tupu, akaikereza mapezi pande zote kama ya injini ya pikipiki. Gharama nzima ilikuwa boliti nne. Kabla ya kuifunga akaipaka girisi, tena ya kutosha, kwa sababu maisha yake yote hajawahi kukutanisha vyuma viwili vikavu. Kompyuta ikawaka dakika kumi na moja, ikaanza kunuka kama trekta, ikazimika.

Alhamisi asubuhi alimwendea daktari mwenyewe, akasema kosa la girisi ni lake, lisiandikwe kwangu. Kisha akakandamiza pistoni juu ya karatasi ya kaboni. Alama zilitokea pembeni tu, maana yake katikati haikugusa. Akalaza msasa juu ya kioo cha dirisha, akasugua mpaka alama zikaenea uso mzima. Kwa muuguzi Judica akaomba ile dawa nyeupe ya zinki ya watoto wenye vipele, akapaka kidogo sana, kwa kuwa alihesabu kuwa unga wake hautayeyuka kama girisi.

Saa tisa alasiri tukawasha, huku feni ya mezani ya wodi ya wazazi ikipuliza. Mzee aliweka vidole juu ya mapezi apime joto, na hakuvitoa. Printa ilikwenda mstari kwa mstari. Kila nilipogeuka kumtazama alinikemea niangalie karatasi, joto nimwachie yeye. Ukurasa wa mwisho ulipotoka, vidole vyake viwili vilikuwa na malengelenge.

Malipo aliyodai ni kwamba ninakili majina yote kwa mkono katika kaunta buku kabla sijatoka ofisini. Nilinakili. Mpaka leo katika hospitali hii kila jina huandikwa mara mbili. Na siku ya mnada gari lilipata wagonjwa thelathini na mmoja. Wengine sita tuliwafuata nyumbani.

Mzee wetu, asante sana. Nenda Tlawi ukalime viazi vyako. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha na wajukuu wanaosikia. Ila kabla hujatoka ukumbini, tazama safu ya tatu, yule mwenye mgolole. Anaitwa Basili, mfugaji wa Basotu, jina la tisa kwenye orodha ile, na ameniruhusu nimtaje. Amefika tangu jana. Hataki hotuba, anataka kuushika huo mkono.