Fundi Baridi Aliyechagua Njia Ndefu ya Uraia

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, mimi ni shemeji wa marehemu, kaka wa mjane, na nimepewa kazi hii kwa kuwa, wanasema, nina sauti kubwa, basi mnivumilie.

Marehemu, ambaye sote tulimwita Fundi Baridi, kwa friji alizotengeneza na kwa hasira ambazo hakuwa nazo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika nchi jirani, akamaliza darasa la saba huko, akasomea ufundi wa majokofu, na tarehe 3 Juni 1974 akaingia nchini kwa kibali cha kazi katika kiwanda cha barafu.

Alipokuja kumposa dada yangu, mwaka 1978, baba yetu alisema sebuleni kwamba huyu haoi binti, anaoa pasipoti, wala hakujua kwamba mposaji mwenyewe alikuwa jikoni, ameinama nyuma ya friji yetu na bisibisi mkononi. Jamani, aibu tuliyoipata! Fundi alimaliza kazi, akanawa mikono, akaja akasema kwa upole: “Mzee, binti yako nitamuoa, uraia nitautafuta kwa miguu yangu mwenyewe.”

Ndoa ilifungwa tarehe 20 Desemba mwaka huohuo, wakajaliwa watoto watatu, raia tangu kuzaliwa, ambao walipokua walimtania kwamba yeye ndiye raia wa mwisho kujiandikisha nyumbani humo.

Mume wa raia alikuwa na njia fupi, miaka mitano ya ndoa ikimtosha kuomba, lakini yeye alishika ile ya wageni wote, iliyotaka miaka kumi ya kukaa kihalali, mwaka wa mwisho bila kutoka nchini hata mara moja, kazi halali, tabia njema, lugha, wadhamini wawili raia, na mwisho kuukana uraia wa zamani. Mwaka huo wa mwisho ulipobaki mwezi mmoja tu, mama yake alifariki ng'ambo ya mpaka, naye akaenda kumzika, akisema mama hazikwi mara mbili, na aliporudi, ofisi ya uhamiaji ikamwambia aanze mwaka upya. Dada yangu alimsihi atumie ndoa, kwani miaka mitano ilikuwa imeshatimia, akakataa, na kwa kweli sisi tulimwona mkaidi.

Baba alisikia, na kesho yake asubuhi akaenda kwenye karakana ya Fundi akamwambia: “Mwanangu, mdhamini wako wa kwanza ni mimi.” Tarehe 9 Mei 1987 Fundi alikula kiapo, na aliyelia ukumbini alikuwa baba, tena bila leso.

Mwaka 2019 moyo ulianza kumsumbua, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa, na tarehe 11 Februari 2021, alfajiri, akatutoka, dada yangu akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani mliokesha nasi, na mafundi wenzake mliofunga karakana leo.

Kaburi mnaloliona limechimbwa upande wa kulia wa kaburi la baba, mahali ambapo hata sisi wa damu hatukupewa, kwa sababu mzee, kabla hajafa, alituagiza pasilazwe mtu mwingine, ni pa mwanawe. Shemeji, pumzika kwa amani, umelala kwenu.