Mwalimu Vizibo, Aliyetaka Hesabu Ishikwe kwa Mikono

Dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 3 Machi 1952, mtoto wa pili wa fundi bomba na mama muuza soda. Jina la Mwalimu Vizibo alipewa na wanafunzi wake, likamganda hadi majirani wakasahau lile la kwenye cheti. Yeye halikumkera hata kidogo.

Alianza shule mwaka 1959, na tuseme kweli, maana hata yeye hakupenda kupambwa: hesabu zilimpiga chenga. Alichapwa rula kwa kuhesabia vidole, akaanza kuvificha chini ya dawati, akarudia darasa la pili. Ni mama yake aliyemmwagia vizibo vya soda sakafuni akamwambia, "Vishike, mwanangu. Namba haing'ati." Kwa vizibo hivyo alijua kujumlisha na kutoa. Maisha yake yote yaliyofuata alikuwa na nia moja tu: mtoto mdogo asiogope namba, na asikatazwe kuishika.

Baada ya chuo cha ualimu, Januari 1974 alipangiwa darasa la kwanza, na kila alipotakiwa kuhamia madarasa ya juu aligoma, mpaka anastaafu Juni 2012. Chumba chake kilikuwa na mikeka, njiti zilizofungwa kumi kumi kwa mpira, dadu za mbao, ubao wa vigingi vya kuchomeka na kuhesabia, na kokoto ndani ya maboksi ya viatu. Na kelele, jamani, kelele! Wazazi wakalalamika kwamba watoto wanacheza tu, madaftari meupe. Mwalimu mkuu akamwambia wazi: kikao cha wazazi kisiporidhika, takataka zote zinatoka.

Marehemu hakuandaa hotuba. Aliwakalisha wazazi mkekani na watoto wao, akawapa dadu washindane kwenye njia ya namba aliyoichora kwa chaki sakafuni. Baba mmoja, dereva wa lori, akapata tatu, akasogeza kizibo chake. Binti yake akaruka.

"Baba, unajipunja! Hapo ulipo hapahesabiwi. Unahesabu kule unakokwenda."

Dereva akarudia kwa kidole, akaguna. "Kumbe! Ndiyo maana nilikuwa nafeli!" Chumba kizima kikaangua kicheko. Kufikia hapo mwalimu mkuu alishavua viatu, yuko mkekani anadai zamu yake. Hakuna kilichotolewa.

Ndoa nayo ililetwa na kazi hiyohiyo. Alimwagiza fundi seremala wa jirani mizani ya mbao, fundi akaitengeneza kwa kukisia. Watoto wakaweka vizibo vitano huku na vitano kule, kushoto kukazama. Wakabadilisha, kushoto tena. "Mwalimu, hii mizani inadanganya!" Alifika karakana amefura. Fundi akaomba radhi, akatengeneza nyingine iliyo sawasawa, akataka ile mbovu aifanye kuni.

"Thubutu!" akamjibu. "Inawafundisha wanangu wasiamini kila wanachoonyeshwa."

Tangu hapo fundi akawa anapita shuleni kila wiki kurekebisha vitu visivyoharibika. Walimu wenzake walimtania mpaka wakachoka, na tarehe 16 Agosti 1980 yeye na fundi wakafunga ndoa. Waliishi vizuri, wakigombana kwa sauti na kupatana kimyakimya.

Kisukari kilimwanza mwaka 2015, lakini kilichomuuma zaidi hakikuwa kwenye damu. Alisikia kwamba mwalimu aliyempokea darasa, binti mwema na mwangalifu, amefungia vifaa vyote kabatini visije vikapotea. Alipolazwa Aprili mwaka huu wa 2021, shule ilikuja kumwona. Mwalimu mkuu wa sasa akamwahidi kabati la kioo lenye picha yake.

"Kioo cha nini?" akasema, akijiinua kitandani. "Wapeni watoto. Wavivunje, wavipoteze. Kitu kisichopotea hakijachezewa."

Yule binti alikuwa amesimama mlangoni, akisikia yote.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 11 Mei, saa moja asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Familia inawashukuru sana madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulala nasi, na wanafunzi wake waliokuja wakiwa na mvi.

Ameacha mume, watoto watatu, yaani mkunga, fundi umeme na mhasibu, ambaye mama yake alimtangaza kila mahali bila kuulizwa, wajukuu saba, na mdogo wake wa kike, msomaji wa wasifu huu.

Ameacha na darasa la kwanza. Juzi yule binti aliyempokea alifika nyumbani, uso umemsawajika, akampigia magoti mgane. Alisema alifungua kabati siku ileile aliyotoka hospitali kumwona, na ameona haya kuja kuzika bila kusema ukweli: dadu mbili hazionekani, njiti zimechanganywa zote, na ubao wa vigingi umepasuka katikati.

Mzee wetu, ambaye tangu Jumanne hakuwa ametamka neno, alimtazama. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, machozi yanamtoka, na sisi wote tukacheka naye.

"Huo ubao uleteni Jumatatu," akasema. "Na dadu nitachonga nyingine."

Pumzika, Mwalimu. Darasa lina kelele.