Bafu la Binti Sultani

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi; Mheshimiwa Diwani; Shehe wetu; Ndugu wageni waalikwa mliovuka kutoka Utende mkafika mmelowa; wazee wangu wa Chole, shikamooni; nanyi mliofuata harufu ya pilau, karibuni vilevile. Assalaam alaykum.

Mimi, Fikiri Shamte, leo nastaafu kutembeza wageni. Miaka ishirini na sita nimewapeleka Juani kuona magofu ya Kua, nimewapitisha hapa Chole kwenye kuta zilizoshikwa na mizizi, nimewasimamisha Kisimani nikiwaonyesha mji ulioliwa na bahari, na bahari yenyewe haijanibishia hata siku moja. Asubuhi hii mmenisifu mno. Aliyenitangulia kuzungumza kaniita maktaba inayotembea. Wallahi nilitamani kujificha chini ya meza, maana maktaba hii ina kitabu kimoja cha uongo, na Mheshimiwa yuko karibu kukizindua.

Lile bango pale ufukweni, lililofunikwa kitambaa, limeandikwa "Bafu la Binti Sultani". Mnajua nani aliyemjengea binti huyo bafu? Mimi! Mwaka wangu wa kwanza, mgeni mmoja aliliona lile duara la mawe, akaniuliza ni nini. Mimi ni mtoto wa dukani Kilindoni. Kazi za wanawake wa pwani ningezijulia wapi? Lakini kofia yangu imeandikwa "Mwongoza Watalii", nikaona aibu kusema sijui. Nikasema binti Sultani alikuwa akioga hapa. Mgeni akapiga picha. Wiki iliyofuata nikampa binti marashi. Mwaka uliofuata nikampa mchumba, na mchumba nikamzamisha. Bibi mmoja wa Kizungu alilia, akainama akanawa uso kwa maji yale. Maji yale yananuka, jamani! Nikamwambia ni madini.

Yule pale anayejiziba mdomo kwa kanga ni Bi Kidawa. Shikamoo, mama. Yeye ndiye aliyenivizia siku moja, akaniuliza: "We Fikiri, binti Sultani gani huyo anayeoga kwenye makumbi yangu?"

Ndiyo, ndugu zangu. Mama zetu hufukia makumbi ya nazi pale topeni, wakayabana kwa mawe yasichukuliwe na maji, wakangoja miezi yaoze, ndipo wayatwange wapate usumba wa kusokota kamba. Na kamba hizo nimeziuza dukani kwa baba tangu nina meno ya utoto, nisiulize hata siku moja zinatoka wapi. Maktaba!

Ingeishia hapo tungecheka tukaenda kula. Lakini uongo umezaa. Mwezi uliopita kamati yetu ya utalii ilipazungushia uzio na kubandika tangazo: marufuku kugusa mawe ya kale. Sahihi ya katibu ni yangu. Makumbi ya Bi Kidawa na wenzake yamo humo ndani, yameshaiva, na yakipitiliza hayafai tena kwa kamba. Alikuja kwangu kuomba ruhusa. Mama wa miaka sabini na tisa ananiomba mimi ruhusa ya kufukua jasho lake! Nami, kwa kuogopa sherehe yangu isiharibike, nikamwambia, "Subiri kidogo, mama." Naona haya. Kweli naona haya.

Mheshimiwa, nakuomba usikivute kile kitambaa. Najua mpiga picha ameshapanda juu ya kiti. Niaibishe mimi, bango lirudi kwa fundi. Kua ipo, Kisimani ipo. Tuna njaa gani ya historia hata tupike ya bandia? Na mikono iliyosokota kamba za majahazi ya babu zetu, hiyo si historia?

Somoe, mwanangu, wewe unayepokea kofia yangu: ukiulizwa usilolijua, sema, "Sijui, twende tukamuulize Bi Kidawa." Maneno hayo yamenichukua miaka ishirini na sita kuyatamka, wewe chukua bure.

Saa ya ukutani mliyonizawadia nimeipokea kwa mikono miwili, na kwa kunisikiliza mpaka aibu yangu ikaisha yote, asanteni sana. Sasa naomba na jembe. Maji ya bahari yameshatoka, tope liko wazi. Bi Kidawa, tangulia, mama; mimi nakunja kanzu, ukanionyeshe pa kuanzia.